Kidonge cha Kutwa

Mama Rangi aliingia duka la dawa akiwa na malalamiko yake tayari mdomoni. Vidonge vya presha vya mumewe, alimwambia mfamasia, ni vikaidi. Alikisaga kimoja kwenye kinu mpaka kikawa unga, akatia maji ya moto, akakoroga mpaka mkono ukamuuma, na bado chenga zilielea kikombeni. Hakuna aina nyingine inayoyeyuka upesi?

Katika mambo hayo alikuwa na haki ya kujipiga kifua. Miaka ishirini na tisa alichanganya rangi katika kiwanda cha nguo, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Punje moja isiyoyeyuka ilitosha kuacha doa kwenye kitambaa, na msimamizi angefoka hadi jioni. Kwa hiyo alijua: madonge yapondwe kwanza, maji yawe ya moto, mwiko usipumzike, na unga usizidi, maana maji nayo hushiba, ukiongeza baada ya hapo, rangi inalala tu chini ya pipa.

Mumewe, kinyozi, alipopata kiharusi miezi saba nyuma, hospitali walimruhusu akiwa hawezi kumeza kitu kigumu. Muuguzi alimwonyesha mke namna ya kusaga dawa na kuiyeyusha. Kumwonyesha yeye, wa kumfundisha muuguzi! Alicheka kimoyomoyo. Wiki chache baadaye zahanati ikambadilishia mzee dawa ya presha, kidonge kimoja kwa siku badala ya vitatu, naye akaendelea kusaga kama kawaida.

Tangu hapo mzee alikuwa mtu wa kulala. Anakunywa dawa asubuhi, anakula kidogo, kichwa kinamwanguka kifuani na siku imekwisha. Kinyozi aliyeweza kumchimba mteja habari za ukoo wake mzima kabla povu halijakauka kidevuni, sasa hata jina la mkewe hakulitaja. Mwanzoni Mama Rangi alimwongelesha vivyo hivyo. Baadaye akaona haya kuisikia sauti yake peke yake chumbani, akaacha. Watu walimwambia ndivyo kiharusi kilivyo, ashukuru Mungu mzee anapumua. Alishukuru. Lakini upweke ulimtafuna, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu wa kumwambia ndiye huyo aliyelala.

Mfamasia, binti aliyetosha kuwa mwanawe, aligeuza boksi la vidonge hivyo mara mbili mkononi.

"Mama, hiki hakisagwi."

Mama Rangi akauliza kwa nini, kwa ukali kidogo.

"Kimetengenezwa kiyeyuke polepole tumboni, kutwa nzima. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inamwingia kwa mkupuo. Presha inashuka mno. Mgonjwa huishiwa nguvu, akawa wa kulala tu."

Mama Rangi alishika kaunta. Mikono hii hii aliyojivunia ndiyo iliyomlaza mumewe. Kwa sauti ndogo aliuliza kama amemharibu. Binti alitaka kujua mzee anakula nini siku hizi. Anakula kidogo, Mama Rangi alisema, lakini chakula chochote, hata nyama. Basi huenda na kidonge anaweza kukimeza, binti alisema, ila tangu atoke hospitali hakuna aliyejaribu. Akapiga simu zahanati. Kesho yake muuguzi alikuja nyumbani, akapima presha, akatikisa kichwa, akamjaribu mzee kwa maji kwanza, kisha kwa kidonge kizima ndani ya kijiko cha mtindi. Kilishuka.

Siku ile mzee alilala. Ya pili pia. Mama Rangi alikaa pembeni ya kitanda bila cha kuponda wala kukoroga, akiogopa jambo moja tu: kwamba kosa si la kidonge, na huyu aliyelala ndiye mume aliyebakiwa naye.

Siku ya nne, alasiri, alikuwa anakunja nguo aliposikia mtu akiuliza nani ameupaka ukuta rangi mbaya namna ile. Aligeuka. Mdomo wa mzee bado ulikuwa mzito upande mmoja, lakini macho yalikuwa yake. Alimjibu kwamba ukuta uko hivyo mwaka wa kumi sasa, na aliyeupaka ni mzee mwenyewe. Kisha akaacha nguo, akakaa kando ya kitanda.

"Nimelala siku ngapi?"

"Miezi sita."

"Na wewe, ulikuwa unaongea na nani?"

"Hakuna mtu," alisema. "Na ni mimi niliyekulaza, mume wangu."

Akamweleza yote, bila kujitetea. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wake.

"Basi nisimulie," alisema. "Anzia siku ya kwanza, usiruke."

Mama Rangi alifungua kinywa. Alitafuta pa kuanzia, akatafuta tena, na katika miezi sita yote ile hakupata hata siku moja ya kusimulia.