Halafu Iko Mle Ndani

Ulipita ukaona kufuli. Usijitie kusahau. Chumba cha vitabu cha Chaani, hapa Changamwe, kilifungwa mchana kweupe, viti vya kukodisha vikapangwa humo mpaka darini, nawe ukageuza uso, kama ulivyougeuza siku uwanja wa mpira ulipozungushiwa mabati. Basi wasikilize ambao hawakugeuza.

Kulthum alikuwa eda. Mumewe amezikwa, naye yu ndani, na kilichomshika asizame ni riwaya alizoazimiwa chumbani humo na nduguye Jaffar. Hakuzisoma kwa unyenyekevu. Aligombana nazo. Moja aliifunga katikati kwa kuwa mwandishi alimfanya mpwani mvivu wa kulala kutwa. "Huyu hajaiona Changamwe alfajiri," alisema, "wanaume wanavyokimbilia bandarini." Nyingine aliipenda hata akailaumu: mwandishi kamuua mama mtu upesi, akaikimbia kazi ya kumwandika akizeeka.

Aliyemshika moyo ni Salome, mwanamke wa riwaya ya vitabu viwili. Mchana mmoja alikuwa akisoma kwa sauti huku akilia: Salome kafukuzwa na mumewe, yuko mlangoni kwa kakake, mvua inamnyeshea, na kaka hafungui. Mara hodi. Kache, jirani wa ukuta mmoja, kaingia na leso kavu na sahani ya wali.

"Yuko wapi mgeni? Mpe abadili nguo."

"Mgeni gani?"

"Salome. Nimekusikia ukimlilia."

Kulthum akamwonyesha kitabu. Kache akakitazama, akautazama wali wake. Kulthum akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na wali wakaula wenyewe. Tangu siku hiyo Kache alikuja kila mchana na ungo wa kunde, kitabu wakakianza upya, mmoja akisoma, mmoja akichambua.

Kitabu cha kwanza kiliishia palepale mlangoni. Jaffar alipokwenda kuchukua cha pili, akakuta kufuli. Kamati ya mtaa, yenye vile viti, ilitaka vitabu viuzwe kwa kilo, wauza njugu wafungie. Jumamosi wangekaa ukumbini kulipitisha jambo hilo.

"Ngoja utoke eda, dada, ukaseme mwenyewe."

"Nikitoka, Salome atakuwa keshafungiwa njugu Changamwe nzima."

"Nitakwenda mimi," Kache akasema.

Kulthum akawaza. Kache huyu, aliyempikia wali mtu wa kitabuni? Watamcheka.

Walimcheka kweli. Mwenyekiti Rashad aliuliza, "Hapa Chaani nani asomaye riwaya? Mmoja tu, naye yuko eda." Kache akasimama.

"Mwenyekiti, kuna mwanamke ameachwa mlangoni ananyeshewa. Mfungulieni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuketi. Akawasimulia Salome tangu posa yake hadi ile mvua, wenye simu wakazishusha. Kisha akaikata hadithi hapo.

"Halafu?" Rashad akauliza.

"Halafu iko mle ndani, chini ya viti vyenu."

Pakawa na ubishi. Huyu asema kaka atafungua, yule asema mke arudi kwa mumewe, na Rashad naye anafoka, "Kaka gani huyo?" Adhuhuri haijaadhiniwa, viti viko nje, vimebebwa na walewale waliocheka.

Jaffar, aliyekuwako ukumbini, alimsimulia dadake yote. "Na Kache alipofika kwenye ile radi, wallahi watu walishtuka."

"Kitabuni hamna radi," Kulthum alisema. Akafikiri. "Lakini ilifaa iwepo. Mwandishi aliisahau, Kache kamwekea." Akakaa wima, kama aliyesifiwa ni yeye. Alikuwa bado amekaa hivyo Kache alipobisha hodi, ungo kichwani, kitabu cha pili kwapani.

Lakini ufunguo umetolewa kwa majaribio, mpaka Ramadhani. Chumba kikikosa watu, viti vinarudi. Wewe uliyegeuza uso, geuka. Pako wazi leo hii hadi magharibi. Vaa viatu, nenda, azima kimoja, gombana nacho, kisha kambishie jirani hodi umwambie kilipoishia.