Nyongeza ya Bibi Mwantumu

Bibi Mwantumu wa Marambo hakupata kumpa mtu kitu bila nyongeza. Ukinunua kwake kibaba cha ufuta, alikijaza mpaka kikafanya kichuguu, kisha akakuongezea konzi nzima, na ole wako ukatae. Kwa hiyo tusimlaumu sana kwa alichokifanya na chupa ya mkojo.

Mkojo wenyewe ulikuwa wa mjukuu wake Sofia, mtoto wa miaka minane aliyekunywa maji hadi majirani wakaanza kumfichia mitungi. Usiku aliamka mara sita na kumwamsha Bibi, kunywa na kukojoa, kunywa na kukojoa, na akichelewa mkeka ulilowa. Alikonda, na shule akaiacha. Bibi alimlea tangu mama yake afariki, na hofu ya kumzika huyu naye ilimkaba roho. Dresa Gaudens, mganga msaidizi wa hospitali ya misheni, alipopita kijijini kuchanja watoto, alimwambia, "Bibi, niletee mkojo wake wa kwanza wa asubuhi. Tutaupima."

Siku ya safari Sofia akajaza nusu chupa, chupa iliyoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga virago Nachingwea. Bibi akaiinua juani. Lo! Mweupe pe, kama maji ya kisima. Watu wa hospitali wangesemaje? Kwamba mtu mzima na akili zake kachota maji akaja kuwachezea? Akazunguka nyuma ya nyumba, akaongeza wake mpaka chupa ikajaa na mkojo ukapata rangi ya heshima. Kisha wakapanda lori la ufuta lililokuwa likienda Ruangwa, wakashukia hospitalini, Bibi kifua mbele.

Gaudens alitia matone machache katika dawa ya buluu, akaichemsha juu ya taa ya spiriti. Ikageuka kijani, ikawa njano, ikaishia nyekundu kama tofali. Tabasamu likamfifia. Akamwita Sista Goreti, daktari.

"Ni sukari," Sista alisema kwa upole. "Bibi, mtoto huyu atachomwa sindano kila siku, maisha yake yote. Tunaanza leo."

Sofia akaangua kilio. Gaudens akaanza kuvuta dawa kwenye bomba. Bibi akatazama benchi la wagonjwa, akawaona wanawake watatu wa Ruangwa wasiojua kutunza siri hata ya mlevi. Aibu ilimshika. Lakini sindano ilipokaribia mkono mwembamba wa Sofia, aibu akaisahau.

"Msimchome!" alipiga kelele. "Humo kwenye chupa na mimi nimo!"

Akaeleza yote, uso kauinamisha. Benchi lilicheka mpaka mwanamke mmoja akadondosha kanga. Sista hakucheka.

"Sindano ile ya kushusha sukari ingeweza kumuua," alisema. "Gaudens, mpe kila mtu kikombe chake."

Mkojo wa Sofia ulichemshwa, na dawa ikabaki buluu vilevile. Wa Bibi ulichemshwa, ukawa mwekundu kabla mwenyewe hajamaliza kusema bismillahi.

"Mwenye sukari ni wewe, Bibi," Gaudens alisema.

"Mimi? Mimi mzima! Naamka usiku, ndiyo, lakini huo si uzee?"

Sista alimweleza kwamba asile tena sukari wala asali, na ugali aupunguze. Kuhusu Sofia alisema kuna tezi dogo chini ya ubongo, kubwa kama punje ya mbaazi, ambalo kazi yake ni kutuma homoni ya kuziamuru figo zizuie maji. La Sofia limezembea. Dawa ipo, unga wa kunusa, ila itaagizwa Dar es Salaam.

Unga ulifika baada ya wiki tatu. Sofia akanusa kidogo, akapiga chafya, wakacheka wote wawili, wakaenda kulala.

Bibi alizinduka jua limeshapenya kwenye nyufa za ukuta. Akashtuka, maana hakuna aliyemwamsha. Akapapasa mkeka wa Sofia, mkavu. Akainama karibu na pua ya mtoto na kuisikiliza pumzi yake, ndefu na tulivu. Hapo machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Sofia akafumbua jicho moja. "Bibi, kumekucha? Niamke?"

"Usiamke," Bibi alisema. "Lala, mwanangu. Lala mpaka uchoke kulala."