Hujui Nani ni Nani

Kilichowagombanisha Filimbi na mdogo wake Zeze hakikuwa mwanamume wala urithi. Ilikuwa sifa. Enzi zile nyimbo zao za mapenzi zikitamba redioni, gazeti moja liliandika kwamba utamu wa ndugu hawa ni kuwa ukiwasikiliza hujui nani ni nani. Mtu mwingine angefurahi. Filimbi, mwimbaji wa sauti ya juu, aliuchana ukurasa ule vipande vipande. Zeze, wa sauti ya chini, akachana wa kwake. Wakanuniana mpaka kundi lao likafa.

Filimbi akawa fundi cherehani. Wateja walikuja kupunguziwa magauni, wakamkodolea macho, kisha swali likawa lile lile: "Hivi dada, wewe ndiye wa juu au wa chini?" Alijibu kwa upole, halafu gauni likatoka limebana kuliko ilivyoombwa.

Sasa redio ilitaka wimbo wao mkubwa urekodiwe upya. Dada wote wawili walikubali kwa sharti moja, na kila mmoja alilitoa peke yake: asimwone mwenzake, wala asimsikie. Kwa hiyo Zeze aliimba Jumatatu, Filimbi akaitwa kesho yake.

Aliingia studio na hila yake kichwani. Hakuimba sauti ya juu. Aliimba ya chini, ile ya Zeze, ili zikiwekwa pamoja dunia nzima isikie kwamba kazi aliyojivunia mdogo wake hata yeye anaiweza, tena bila kutoka jasho. Hakujiuliza wimbo utabaki na nini huko juu. Mtu akiwa na kinyongo, hesabu humpotea.

"Safi sana, mama," alisema fundi mitambo, kijana mpole aliyezaliwa kundi likiwa limeshakufa. "Subiri niziunganishe."

Filimbi akakaa, mikono kifuani, akisubiri kusikia mwenzake anavyoumbuka. Spika zikafunguka. Chini alikuwa yeye. Na juu, tamu kama zamani, alikuwa yeye tena. Ilimchukua muda kuelewa kwamba Zeze naye alikuja na hila yake, ile ile.

Alitaka kucheka. Alitaka kutukana pia. Ukafika mstari mrefu wa kiitikio, naye akasogeza sikio kwenye spika.

Mstari ule ulikuwa siri yake. Pumzi yake haikuwahi kuufikisha mwisho, kwa hiyo kila siku aliiba pumzi katikati ya neno na kuificha kwa kulivuta. Hakumwambia mtu. Mpiga gita hakujua, mtunzi hakujua, gazeti ndiyo kabisa. Na hapa Zeze alikuwa anaiiba palepale, katikati ya neno lile lile.

Mahali hapo sauti ya chini ilipanda ghafla. Filimbi ndiye aliyeipandisha, kwa kebehi, kwa kuwa Zeze alizoea kupaza sauti hapo, na jambo hilo lilimuudhi kuliko yote. Enzi zile aliwahi kumwita mpenda sifa mbele ya bendi. Sasa alisikia jinsi sauti ile iliyopanda ilivyoifunika pumzi yote, isisikike na yeyote asiyeijua.

Machozi yakamtoka kabla hajapata leso. Tangu ujana wao Zeze alijua yupi ni yupi.

"Vipi, kuna kasoro?" aliuliza fundi mitambo kwa wasiwasi.

"Ipo. Hapo mdogo wangu alikuwa ananisitiri," alisema Filimbi. "Mimi nikadhani ananizidi."

Kijana hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa kusaidia. Alimwambia asijali, mashine za siku hizi zinafuta kasoro kama hiyo dakika hiyo hiyo.

"Uiguse uone," alisema Filimbi, na akamwomba namba ya simu ya Zeze.