Pacha wa Maskini

Mume wangu Wilbur alikuwa na peni moja, sarafu ya shaba ya senti moja, asiyotaka mtu aiguse. Watoto wetu walikua, wakaoa na kuolewa, wakatuletea wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Aliipata ujanani kwenye chenji ya sigara, mwaka uleule ilipopigwa, 1955, na kila Sikukuu ya Shukrani, kabla bata mzinga hajakatwa, lazima aisimulie. Alisema ni ile yenye maandishi pacha, ile ambayo watu huitafuta mpaka wanazikwa.

Agosti moja, maonyesho ya wilaya yetu hapa Ohio yakiwa yamekaribia, chama chetu cha sarafu kikapewa kabati la kioo kama kawaida, karibu na meza ya maboga. Wilbur akatangaza kwamba safari hii peni yake ndiyo itakayokaa katikati. Imogene, mwenyekiti wetu, akamkumbusha kanuni: sarafu haiingii kabatini bila kupita kwenye lenzi. Na zamu ya lenzi ilikuwa yangu.

"Mke wangu?" Wilbur akacheka. "Basi imeshapita hiyo!"

"Ndiyo maana naogopa," akasema Floyd, mdogo wake, mashavu yamemjaa donati. "Shemeji, ukipendelea tutajua."

"Wewe meza kwanza," nikamwambia.

Tulikuwa katika ukumbi wa zimamoto, meza tumeisogeza dirishani. Nikaitoa peni kwenye kibahasha chake, nikaishika ukingoni kwa vidole viwili, nikainamia lenzi.

Peni pacha ya kweli, kosa lake limo ndani ya muhuri wenyewe unaoipiga chapa kiwandani. Kila herufi iliyo juu ya kichwa cha Lincoln, na kila tarakimu ya mwaka, ina mwenzake aliyenona, na ncha zake zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Hii yetu ilikuwa na kitu kwenye tano ya mwisho tu. Nacho kilikuwa kivuli, bapa, kama sukari ya keki iliyoteleza pembeni. Herufi za juu zote zilisimama mojamoja. Huo ni muhuri uliochakaa. Sisi tunaiita pacha wa maskini, na ukimwaga kopo la peni kuukuu hukosi kuiona.

Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaigeuza tena. Ningeweza kusema ni yenyewe, wote wakapiga makofi. Lakini siku ya maonyesho angekuja mgeni na lenzi yake, amuaibishe mume wangu mbele ya wilaya nzima.

"Wilbur, njoo utazame mwenyewe."

"Mimi naijua."

"Kwa lenzi hujaitazama."

"Nilikuwa sitaki kuitoa mle." Akainama. Nikamsikia akipumua kwa pua. "Hizi herufi za juu..."

"Mojamoja."

"Na hii tano?"

"Kivuli, mume wangu. Pacha wa maskini."

Floyd akaipiga meza mpaka kahawa ikamwagika. "Miaka yote hiyo nakula nyama iliyopoa, kumbe kwa ajili ya pacha wa maskini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Masikio ya Wilbur yakawa mekundu. Akanyoosha mkono kuichukua peni. "Twende nyumbani, Arvilla."

"Iache hapohapo. Nimetaja kosa tu, daraja ya hali yake bado sijaipa. Floyd, lete yako."

Floyd naye alikuwa na pacha wa maskini, na akijivunia jinsi inavyong'aa. Nikaziweka ubavu kwa ubavu. Yake ilikuwa na mikwaruzo midogomidogo uso mzima, na weupe fulani wa kigonjwa.

"Hii umeiosha na nini, shemeji?"

"Magadi kidogo tu."

"Umeisugua kama sufuria ya maharagwe!"

Ya Wilbur haikuwa na alama hata ya kidole. Shavu la Lincoln zima, taya zima, masuke ya ngano nyuma yanahesabika mstari kwa mstari, na wekundu wake ni uleule iliotoka nao kiwandani. Kwa kuiogopea hivyo, kumbe aliitunza kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Sitini na sita kati ya sabini," nikasema.

Imogene akaninyang'anya lenzi, akatazama sana. "Umembania kwa kuwa ni mumeo. Sitini na saba. Wilbur, itakaa katikati, lakini kwa jina lake."

Wilbur akajikuna shingo. Kisha akavuta kadi, akaandika kwa herufi kubwa: PACHA WA MASKINI.

Siku ya maonyesho hakubanduka kabatini. Kila aliyepita alifundishwa kutofautisha kivuli na pacha, atake asitake. Mama mmoja mwenye boga kubwa mikononi alimsikiliza mpaka mikono ikamtetemeka.

"Bwana wee, niruhusu nilitue basi!"

"Litue, mama, litue," Wilbur akamwambia, akimsogezea kiti. "Sasa itazame hii tano."