Unga wa Misuli

Seremala alipoanza kukonda, dada yake alitafuta wa kumlaumu, na wifi yake, mke wa seremala, ndiye aliyekuwa karibu.

"Wifi, kaka yangu unamlisha au unampimia?" aliuliza mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu. "Mikono ile ilikuwa ikibeba mlango mzima wa mbao. Leo hata kijiko kinamshinda!"

Mke aliendelea kushona. Alikuwa fundi cherehani, na kazi ile humzoeza mtu kubana pini mdomoni na kunyamaza. Alimalizia kupunguza kiuno cha suruali ya mumewe, akaikunja upesi ili mwenyewe asione ilivyobaki ndogo.

Ini la seremala lilikuwa limechakaa. Hospitalini walishamwambia mke: ale kidogo kidogo, mara nyingi, na asipewe kitu chochote cha kopo bila wao kujua.

Lakini wifi huyo, dada wa seremala, alikuwa akifua taulo kwenye jumba la mazoezi, ambako wanaume huinua vyuma mpaka shingo zinapotea. Aliwaona kwa macho yake wakiingia wembamba, wakikoroga unga mweupe kwenye maji, na baada ya muda mashati yanawabana. Basi akanunua kopo la unga ule kwa jasho lake, akalifunga kwenye taulo safi lisilowe mvua. Na haki isemwe: alimpenda kaka yake.

"Unaitwa glutamini," alisema, akiligonga kopo mezani. "Wala si dawa. Ni kitu ambacho mwili wenyewe unakitengeneza. Kinajenga misuli, kinalisha utumbo. Sasa kitu cha mwilini kitamdhuruje mtu?"

"Ngoja nimuulize kwanza muuguzi."

"Muulize. Ukimaliza, muulize na bei ya sanda. Au mapazia ya nyumba ya mjane umeshayashona?"

Neno lile lilimchoma mke mpaka mfupani. Akachukua kijiko, akakoroga unga kwenye uji wa mumewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Seremala alikunywa wote, akalamba kijiko. "Leo uji una kitu," alisema. "Asante, mke wangu." Tangu hapo ukawa ndio uji wake wa kila siku, na wifi akatembea kifua mbele.

Kisha seremala akaanza kusinzia mchana kutwa. Akavaa shati miguuni. Akinyoosha mikono, viganja vinapepea kama anayefukuza kuku. Asubuhi moja mkewe alipomwinamia kumfuta mdomo, seremala akamkwida kola.

"Mwizi huyu! Nguo za mke wangu umezitoa wapi?"

Walimpeleka hospitali. Mke akalitoa kopo mkobani, akampa daktari. Daktari akasoma, akashusha pumzi.

"Mama, kwa mtu mzima wa afya kitu hiki ni rafiki. Utumbo unakila, hata askari wa mwili wanakitegemea. Lakini kikivunjwavunjwa kinatoa amonia, na hiyo ni sumu. Ini zima huisafisha. La mumeo haliwezi, ndiyo maana sumu imepanda kichwani."

Muuguzi akamsogezea mke kiti.

Nje ukumbini, wifi alilikumbatia kopo alilolichukua mezani kwa daktari. "Tulizidisha tu. Akitoka nitampa nusu kijiko."

"Wifi, si umemsikia daktari?"

"Daktari hakutoka naye tumbo moja! Nikiutupa, si nimekiri? Watu waseme nimemuua kaka yangu?"

Hapo mke akaelewa. Wifi hakuwa akiukumbatia unga, alikuwa akiikumbatia heshima yake.

"Basi sema nilinunua mimi," akamwambia. "Kukoroga nilikoroga, hilo si uongo. Sema lolote juu yangu, ila umwage, na usimpe tena unga mwingine."

Wifi akaingia chooni na kopo, akaumwaga unga wote, akavuta maji. Kabla hata hajanawa mikono alikuwa kwenye simu na ukoo mzima: "Kopo nimelikuta jikoni kwake, jamani!"

Madaktari walimpa seremala dawa tamu ya maji, ya kumsafisha tumbo. Ukungu wa kichwani ukaondoka taratibu. Akaulizia randa yake aliiacha wapi. Akamtania muuguzi kuwa kitanda kile kimepigiliwa na mlevi.

Mke akaja na uji. Wifi alikuwa amekaa kitandani, akimfuta kaka yake shingo, polepole, asimuumize.

"Ni kweli ulinikorogea sumu?" seremala aliuliza.

Mke akamtazama wifi. Wifi akatazama shuka. Kwenye jumba la mazoezi makopo yalikuwa bado yamejaa rafu nzima; wifi akiumbuliwa, angenunua jingine ili ajitetee.

"Nilikoroga mimi, baba."

"Nilipokuwa sina akili nilikuita mwizi," alisema, kila neno mahali pake. "Nikaambiwa nikuombe radhi. Sasa akili ninazo. Toka."

Mke akauweka uji mezani, akampa wifi kijiko.

"Mpe kidogo kidogo," akasema. "Ukipoa sana hanywi."