Shingo ya Mkwe Wangu

Gari lilikuwa fupi kiasi kwamba kuku aliyesimama juu ya kinu changu alilitazama kwa juu. Mkwe wangu Luhaga alilisimamisha mbele ya nyumba yangu hapa Kilosa, akazima, akatoka kwa kujikunjua kama mtu anayetoka kwenye pipa. Jekundu, la milango miwili, lile la spoti ambalo vijana hupenda kupigia picha. Alilinunua likiwa limebonyea ubavu mzima, akalinyoosha mwenyewe kwenye gereji yake kule Mikumi, akalipiga rangi mpaka ukipita unajiona.

Hakunitazama. Alichuchumaa kando ya mlango, macho kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Monica hajambo?"

"Hajambo kiasi. Mshono bado unamvuta. Dada yangu aliyekuwa anamsaidia imebidi arudi kwake, mwanawe anaumwa. Sasa Monica yuko peke yake na kichanga. Ndoo hawezi kuinua, na akitaka kusimama anashika ukuta. Anakuita, mama."

Mfuko wangu ulikuwa tayari tangu niliposikia binti yangu amejifungua kwa kupasuliwa. Nilikuwa nimeweka unga wa ulezi nilioutwanga na kuuchekecha mwenyewe, vitenge vya zamani vilivyofuliwa mpaka vikawa laini kama pamba, na sabuni ya mche niliyoikata vipande. Nilichokuwa ninangoja ni kuitwa tu.

"Pikapu yako iko wapi?" nikauliza.

"Imekwenda Dumila na mzigo wa watu. Nimeona nisiingoje, mama. Yule kule ana shida."

Sasa ikaja kazi ya kukaa. Kwetu milimani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai bega kwa bega, wala hawatazamani usoni. Kwao Luhaga, watu waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa, ni vilevile, tena wao wamezidi. Tangu amuoe Monica, mimi ninaujua utosi wa Luhaga vizuri kuliko uso wake. Basi nikasema nitakaa nyuma. Nikaingiza mguu mmoja, nikaingiza kichwa, nikakwama. Kiti cha nyuma cha gari lile ni cha kuwekea mkoba, na uwe mkoba mdogo.

Jirani yangu Paulina alikuwa anaanua nguo. Alinitazama, akaweka beseni chini.

"Mama Monica, humo utakuja kutolewa na fundi!"

"Fundi si huyu hapa?"

"Na akutoe sasa hivi basi, bado mzima!"

Nikatolewa, kwa kujitoa mwenyewe, maana Luhaga hakuweza kunishika mkono. Mfuko ukakaa nyuma, mimi nikakaa mbele, kushoto kwake. Nilijibana kwenye mlango, naye akajibana kwenye mlango wake. Katikati pangekaa mtu mwingine.

Tulivuka daraja la Mkondoa, tukashika njia ya Mikumi. Kwa haya ya kukaa kimya, Luhaga akaanza kunieleza gari, akiongea na kioo cha mbele.

"Magari haya mama yametengenezwa ya kwenda mbele. Kutazama nyuma hayakufikiriwa sana. Unaona nguzo zilivyo nene?"

Nikaona. Nyuma ya mlango wangu kulikuwa na bati pana, na kioo cha nyuma chembamba kama tundu la sanduku la sadaka.

"Saiti mira inakuonyesha nyuma," akaendelea. "Macho yako yanakuonyesha ubavuni. Lakini hapo katikati, karibu na bega, kuna mahali ambapo hakuna kinachokuonyesha. Pikipiki nzima inapotea humo, na abiria wake. Dawa ni kugeuza shingo tu."

"Ni lazima?"

"Lazima, mama. Kila unapohama njia."

Alisema kweli, na upande wa kulia alitenda alivyosema. Akitaka kuipita baiskeli, anawasha indiketa, anatazama kioo, anageuza shingo mpaka kidevu kinagusa bega. Lakini wakati wa kurudi kushoto, shingo ilifika kwenye redio ikaishia hapo. Ikarudi mbele. Nikadhani ni mara moja. Alipopita mkokoteni nikaangalia tena kwa pembe ya jicho: kwenye redio, ikarudi.

Nikaelewa. Pale pa kutazama, nilikuwa nimekaa mimi.

Sikuweza kumwambia, ningeanzaje? Nikageukia dirisha ili aone kilemba changu badala ya uso. Haikusaidia kitu. Na mimi nilitaka kufika kwa mwanangu nikiwa mzima, na mwanawe akiwa na baba.

Marehemu mume wangu, Yared, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Lilikuwa limepoteza kioo cha kushoto kwenye tawi la mkwaju, na kioo kingine kiliagizwa na hakikuja mpaka lori lenyewe lilipouzwa. Utingo wake alipoacha kazi, nikawa ninapanda mimi. Tulikuwa tunachukua vitunguu Malolo, tunashusha na mahindi ya watu wa milimani, tunapeleka stesheni. Barabara hii ilikuwa vumbi jekundu tupu. Ulifika unakokwenda na kope zimekuwa za mzee. Ndani mlinukia dizeli na maganda ya vitunguu, na Yared alikuwa na leso ya mistari aliyoifunga shingoni, ninaifua jioni, asubuhi inavaliwa.

Akitaka kwenda kushoto, alikuwa anasema, "Mama Monica, inama," hata kabla Monica hajazaliwa, maana jina tulishalichagua. Ninainama, anatazama juu ya mgongo wangu. Baadaye akaacha kuniambia niiname. Nikamuuliza, wewe, mbona siku hizi huniambii niiname, pale nje unapaonaje? Akasema, "Ninapaona. Na wewe ninakuona hapohapo. Safari moja, mizigo miwili." Nikampiga na kitambaa. Lakini nikawa ninakaa wima, nimechana nywele.

Nilikuwa kwenye mawazo hayo tulipofika Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, yenye magenge na vivuli vya miembe. Luhaga alitaka kuninunulia maji. Akapunguza mwendo, akawasha indiketa ya kushoto, shingo ikafika kwenye redio, akakata kona.

"Weee! Weeee!"

Kishindo hakikuwa kikubwa. Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa alikuwa ubavuni kwetu, palepale begani kwa gari, akakwepa akaingia kwenye majani. Baiskeli ikalala, gunia likapasuka, mkaa ukamwagika mpaka kwenye mtaro. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha, lakini kiti kile kiko chini sana, nilichokuwa ninakiona ni majani na mawingu.

Mwenye mkaa aliinuka mwenyewe, namshukuru Mungu. Akajipangusa, akaja mpaka kwenye boneti, mtu mzima wa makamo, mweusi kwa vumbi la kazi yake.

"Wewe wa mjusi mwekundu! Shingo umeiazima? Unaogopa mwenyewe ataidai?"

Watu wa magengeni wakacheka. Luhaga alishuka na shati lake jeupe, akapiga magoti, akaokota mkaa kipande kwa kipande, akashona gunia kwa waya aliotoa kwenye gari, akamsaidia mzee kufunga mzigo. "Nisamehe, baba," ndilo neno lake tu. Yule mzee akapoa. Aliponiona mimi nimekaa ndani, akasema, "Mama, huyu kijana umwangalie." Laiti angejua kwamba shida ilikuwa hiyohiyo ya kuangaliana.

Luhaga akarudi kwenye usukani. Nikaona huyu nisipomsaidia, hatufiki.

"Baba, kiti hiki kinalala?"

"Kinalala, mama."

"Kilaze. Nitajifunika khanga. Wewe tazama nje unavyotaka, hapa hakuna mtu."

Akanyoosha mkono kando ya kiti bila kutazama, akapapasa, akavuta kitu. Kiti kikaanguka chote kwa pamoja, nikajikuta ninatazama dari. Nikavuta khanga usoni. Ndipo mama muuza ndizi akainama dirishani na sinia lake.

"Ndizi, ba... Jamani! Pole, kaka. Mnampeleka hospitali? Anaweza kuongea?"

"Anaweza," nikajibu chini ya khanga. "Na ndizi zako azionje kwanza."

Sinia nusura limtoke. Tukaondoka tukiwa na ndizi, na nilisikia Luhaga anajizuia kucheka kwa kukohoa.

Kwa mwendo fulani mambo yalikuwa mazuri. Lakini chini ya khanga kulikuwa na joto, na Luhaga alikuwa ameshusha vioo. Mbele yetu likatokea trekta linalovuta tela la miwa. Luhaga akatoka kulia, akalipita. Nikasikia honi mbele, gari linakuja. Akataka kurudi kushoto. Safari hii nadhani aligeuza shingo kweli, maskini, ila upepo ulikuwa umeingia chini ya khanga yangu ukaiinua yote, ikatanda dirishani kama pazia.

"Mama, khanga! Mama!"

Nikaivuta kwa mikono miwili. Tuliingia mbele ya trekta, na la mbele likapita likitutukana kwa honi mpaka likapotea. Luhaga akasogea pembeni akasimama. Injini ikawa inanguruma. Dereva wa trekta akatupita polepole, akitikisa kichwa.

Nikakiinua kiti. Nikajifunga khanga kiunoni.

"Luhaga." Sikuwahi kumwita kwa jina. "Kwenu inakuwaje, mkwe akiutazama uso?"

"Baba yangu hakuwahi kumtazama bibi mzaa mama, mama. Siku ya kumzika ndipo walipomwambia, sasa sogea umwone. Akasogea, akalia. Alisema hakujua kwamba mama yangu anafanana naye kiasi kile."

"Sasa mimi sitaki uje kuniona siku hiyo. Wala sitaki nikuone wewe siku hiyo."

Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Monica amemtuma nani?" nikauliza.

"Mimi."

"Amemwita nani?"

"Wewe, mama."

"Basi anangoja watu wawili. Ukinikosea heshima kwa kunitazama, hilo nitalibeba mimi, nitawajibu mimi wazee wa kwenu na wa kwetu. Ukijificha usinione ukatuua njiani, nani atamwinulia ndoo?"

Akatia gia, tukaondoka. Kijana akishaambiwa, mwache atafune.

Mikumi tunaingia kwa kukutana na barabara kuu, ile ya kutoka Morogoro kwenda Iringa. Gereji na nyumba ya Luhaga viko upande wa Iringa, kwa hiyo ni kukata kulia, na ukikata kulia yule wa kutoka Morogoro anakujia kushoto kwako. Pale hupita malori marefu ya kwenda nje ya nchi, na mabasi ambayo ndiyo kwanza yametoka hifadhini, kwenye matuta na vibao vya mwendo, sasa yanataka kufidia muda. Tukasimama ukingoni. Gari letu lilikuwa chini kuliko majani.

Akatazama kulia, shingo yote. Kweupe. Mguu wake nikauona unacheza kwenye mafuta. Shingo ikaanza kuja kushoto, ikafika kwenye redio.

Ikasimama pale. Mimi nilikaa wima, sikugeuka, sikujifunika. Niliegemeza mgongo tu kwenye kiti, nikamwachia nafasi, mwili ulijua wenyewe namna ya kukaa.

Shingo ikapita redio. Ikaja yote. Macho ya Luhaga yakanikuta usoni, makubwa, mekundu kwa vumbi, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kulijua. Akashtuka kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Nyuma yangu kuna nini?"

Akatazama nje, kupita pua yangu. "Lori. Semi. Linakuja kasi."

"Liache lipite."

Likapita. Gari letu lote likatikisika, vumbi likaingia, na maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa turubai yalitupita juu ya vichwa. Lilikuwa refu. Nilihesabu magurudumu nikachoka. Kama angekwenda kwa shingo ya redio, tungekuwa chini ya lile.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto tena, moja kwa moja, bila kusimama popote, na safari hii hakusalimia. "Basi la abiria," akasema. "Na nyuma yake kuna Noah." Tukangoja. "Bodaboda." Tukangoja. Mtu wa nyuma yetu akapiga honi, Luhaga akamwacha apige. Kisha akatazama mara moja zaidi, akasema "Kweupe, mama," tukaingia barabarani.

Monica alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, kichanga kifuani, amenuna kwa kungoja. Nilipotoka ndani ya lile pipa akaanza kulia na kucheka, akishika tumbo lake.

"Mama! Amekuleta na hiyo takataka? Mmekujaje?"

"Tumekuja vizuri. Mumeo anaendesha kwa macho yote."

Luhaga alikuwa anatoa mfuko wangu nyuma. Aliuleta mpaka karibu, akachuchumaa, akauweka kwenye mikono yangu akitazama chini, kama inavyotakiwa. Nikaupokea nikitazama mlangoni, kama inavyotakiwa. Nikaingia ndani kunawa mikono, nimpokee mjukuu wangu.