Alasiri za Mama na Pacha

Mama alistaafu kazi ya opereta wa simu kabla sijaolewa, lakini sikio lake halikustaafu. Kila alasiri alikaa sebuleni, simu ameibana kati ya bega na shavu, mikono ikifuma, akipiga soga na Pacha. Hawakuwa na undugu wa damu; jina hilo walipewa kazini. Tangu usichana walikaa viti jirani mbele ya swichibodi, wakichomeka nyaya na kuunganisha watu wasiowajua. Sasa Pacha alikuwa amehamia kwa mwanawe, mbali, na miguu ilikuwa imemwishia nguvu.

Mwaka ule kichwa kikaanza kumsumbua Mama. "Kama nimefungwa kitambaa, halafu mtu anakaza fundo," alisema. Akawa anatafuna dawa za maumivu kama njugu, nami nikamburuta kliniki.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, hakuwa na haraka. Alimpima presha, akambonyeza kwenye panja, akauliza kama taya linauma akitafuna, kama macho yanafifia.

"Mbona unaniuliza habari za taya? Nimekuja na kichwa," Mama alisema.

"Kwa umri wako, mama, kichwa kilichoanza juzijuzi sikipitishi hivi hivi. Hapa kuna mshipa, ukivimba unaweza kukupofusha." Akamtuma akatoe damu.

Tuliporudi, majibu yalikuwa salama. Tukiwa bado tumekaa, simu ya Mama ikalia. Alikuwa Pacha, roho juu, anataka kujua. Mama akaibana begani kama kawaida yake. Daktari akainuka taratibu, akamgusa nyuma ya shingo, na Mama akashtuka kwa maumivu.

"Msuli umekuwa jiwe," daktari alisema. "Huwa mnaongea muda gani?"

"Mpaka simu ipate moto."

Daktari akatueleza kwamba misuli ya shingo ndiyo inayokibana kichwa, na kwamba dawa za kila siku nazo zimegeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Mama akaukumbatia mkoba wake. "Usinikataze Pacha," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiye pekee aliyebaki anayenikumbuka nikiwa na kiuno."

"Simkatazi mtu. Iweke simu mezani, ufungue spika."

Akamfundisha kunyoosha shingo na kuikanda kwa kitambaa cha moto, na akampunguzia dawa. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu; Mama alimnunia hata paka. Kisha maumivu yakalegea. Hayakuisha kabisa, lakini usingizi ulirudi, na kicheko pia.

Alasiri moja nilikuwa napiga pasi, sauti ya Pacha ikajaa sebuleni. "Unamkumbuka yule wa 'samahani, saa ngapi sasa?'"

Mama akanitupia jicho, akaona haya.

"Nani huyo, mama mdogo?" nikauliza.

"Baba yako, mwanangu. Enzi zile za swichibodi, kila asubuhi anapiga simu kuuliza saa. Nikipokea mimi, anakata. Anapiga tena, mpaka ampate mama yako."

Marehemu baba alikuwa mtu wa maneno machache, na sikuwahi kumwona bila saa mkononi.

Nikazima pasi, nikavuta kiti.